Nataka kuwa mwandishi. Daftari ninalo, miwani ninayo, kimebaki nini?

#1 Mtoto wa Makorora
Wakuu salaam. Mimi kijana wa hapa hapa Tanga mjini, nimeamua kuwa mwandishi wa riwaya. Sijakurupuka, nimeamua tangu Ramadhani. Vifaa nilivyonavyo mpaka sasa: daftari kubwa la jalada gumu, kalamu ya wino mweusi, meza, na miwani (macho yangu ni mazima, ila naona waandishi wengi wanavaa). Jina la kitabu lipo tayari. Shukrani pia tayari, zimefika kurasa tatu maana sikutaka ndugu yeyote anune.

Riwaya yenyewe ndiyo bado. Nikikaa naandika "Ilikuwa ni asubuhi", nakwama, natoka kwenda kunywa kahawa.

Dai langu ni hili, mwenye kupinga aje na hoja: uandishi ni kipaji cha mahali. Mji huu umemtoa Shaaban Robert, kwa hiyo kitu kipo kwenye maji tunayokunywa. Kilichobaki ni masharti tu. Wanaoyajua watiririke. Nawasilisha.

#2 Kahawa Chungu
Sharti la kwanza umeshalivunja: usimwambie mtu. Hapa Ngamiani ukishasema unaandika kitabu, jina ulilopewa na wazazi limekufa. Utaitwa Mwandishi, na kila anayepita barazani atauliza "Limetoka?" Mwaka wa kwanza wanauliza kwa heshima. Wa pili wanauliza huku wanacheka. Wa tatu hawakuulizi tena, wanamuuliza mkeo.

#3 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mwanangu, nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu. Nikuulize moja tu: mwaka huu umesoma kitabu gani? Ukiacha vya mtihani, na ukiacha vile vya namna ya kutajirika.

#4 Mtoto wa Makorora
Shikamoo mwalimu. Kusoma sisomi sana, kwa kweli naogopa nisije nikaiga.

#5 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Marahaba. Na mimi namwogopa mpishi asiyeonja vya wenzake kwa hofu ya kuiga.

#6 Mvuvi wa Sahare
Nimevuta kiti. Uzi umeanza vizuri.

#7 Mzee wa Duga
Kijana asitishwe. Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa shule, likizo zote zake, ndiyo maana aliandika mengi. Wewe mwenzangu na mimi unahangaika na biashara kutwa nzima, likizo utaitoa wapi? Hapo ndipo penye tatizo, wala si miwani.

#8 Karani Mstaafu
Mzee wa Duga, tuliweke sawa hili kabla watoto hawajalinakili. Shaaban Robert hakuwa mwalimu, alikuwa karani. Aliingia forodha mwaka 1926, akakaa huko mpaka 1944, akapita idara ya wanyamapori, akarudi ofisi ya wilaya hapa Tanga mwaka 1946, akamalizia upimaji wa ardhi. Ukarani mwanzo mwisho. Na mleta mada naye ajue: mtu huyu kazaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Kama ni maji, basi ni ya Machui, nyie wa Makorora msijipendekeze.

Mimi nimekalia kiti cha ofisi maisha yangu yote na siri ninaijua. Karani ana mshahara wa mwisho wa mwezi, ana karatasi mkononi, na ana jioni ambayo bosi wake haijui inaishia wapi. Utenzi wa Vita vya Uhuru una beti zinazofika 3,000 hivi. Aliuanza vita vyenyewe, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vikiwa vingali vinapiganwa, yeye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali. Hakusubiri astaafu, hakusubiri apate nyumba inayotazama bahari. Kwa hiyo ushauri wangu: tafuta kwanza kazi yenye kiti. Tumbo likilia hakuna ubeti utakaokaa.

#9 Mvuvi wa Sahare
Kumbe sharti ni ajira ya forodha. Nafasi zinatangazwa lini nipeleke barua?

#10 Baharia Mpweke
Nyote mnazunguka mbuyu. Mtu haandiki mpaka aumie. Huyo huyo Shaaban alifiwa na mkewe Amina, ndipo likatoka lile shairi linalowaliza watu wazima mpaka leo. Mshahara haujawahi kumliza mtu. Mimi mwenyewe nilipoachwa nilijaza daftari zima kwa usiku chache tu.

#11 Kahawa Chungu
Daftari lipo wapi tulisome?

#12 Baharia Mpweke
Nililichoma nilipooa tena.

#13 Karani Mstaafu
Basi wewe ni shahidi wangu. Kama kuachwa kunazaa waandishi, mtaa wangu ungekuwa umeshajengewa maktaba. Wenzako waliachwa wakaenda kulala.

#14 Dada Stesheneri
Naomba niseme mimi ninayewachapia hao waandishi. Nina stesheneri Ngamiani, natoa kopi, nalaminisha, nabaindi, na nachapa miswada. Mnajadili kipaji kinatoka wapi, mimi nakiona kikiingia mlangoni kimebebwa kwenye mfuko wa rambo.

Riwaya zote zinazoletwa kwangu zinaanza asubuhi. Asubuhi hiyo ina manyunyu. Kama haina manyunyu, basi jua linachomoza kwa madaha. Anatokea msichana: maji ya kunde, ana mwanya, macho ya kusinzia, hajawahi kuumwa jino wala kudaiwa kodi. Anakutana na kijana anayeitwa Rich. Rich anakaa Masaki, anaendesha gari jeusi, anakunywa mvinyo. Mwandishi mwenyewe kaja kwangu na baiskeli kutoka Mabawa, na Masaki hajafika.

Halafu wanatabasamu. Jamani, wanatabasamu! "Rich alitabasamu. Naye akatabasamu. Wote wakatabasamu." Wakipata habari ya msiba wanatabasamu kwa uchungu. Nimeshafikia mahali nikiona neno hilo kwenye daftari la mtu natamani nimtoze zaidi.

Kuna mwingine mhusika wake alizikwa sura ya tatu, watu wakalia, ubani ukachomwa. Sura ya nane yule yule yupo harusini anakula pilau. Nikampigia simu mwandishi. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwache, atakuwa alipona."

Lakini uhondo wenyewe huu hapa. Mzee mmoja aliniletea daftari lenye duara za vikombe vya chai. Nachapa, nachapa, nikafika katikati ya ugomvi wa mume na mke, pameandikwa: sukari kilo mbili, mafuta ya taa, sabuni ya mche, deni la shemeji bado. Nikadhani ndiyo hadithi, nikachapa yote. Alipokuja kusoma alitulia kwenye ukurasa ule muda mrefu, nikajua leo nakula matusi. Akasema usifute, hapo ndipo pazuri kuliko kote. Na kweli palikuwa pazuri. Kitabu kizima ndipo mahali pekee nilipoamini kwamba wale watu wana nyumba.

Kwa hiyo mleta mada, ushauri wangu mimi: mtoe Rich Masaki. Mpandishe daladala ya Pongwe, asimame, kondakta amdai nauli mara mbili. Utaona mwenyewe kama kalamu itakwama.

#15 Kahawa Chungu
"Mwache, atakuwa alipona." Nimecheka mpaka nimemwaga kahawa.

#16 Mtoto wa Makorora
Dada Stesheneri umenigusa pabaya. Wangu haitwi Rich, anaitwa Richie. Ila huyo msichana nilishampa mwanya, kumtoa itakuwa kazi.

#17 Mgosi wa Soni
Wagosi wa mjini hamjambo. Shida yenu ni joto. Hapo Tanga mtu akikaa kuandika jasho linadondokea karatasi, wino unasambaa, anatafuta feni. Njooni Lushoto. Baridi inakufungia ndani, moto upo, chai ipo, jirani yuko mbali. Ukikaa hivyo usipoandika utafanya nini?

#18 Mvuvi wa Sahare
Mgosi, baridi yote hiyo na mnachotuletea sokoni ni kabichi na viazi. Riwaya iko wapi?

#19 Karani Mstaafu
Hoja ya joto nayo haisimami. Hemed bin Abdallah el-Buhriy ameishi Tanga hii hii, kwenye joto hili hili, bila feni, akatunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitwaa pwani. Mambo ya 1888 na 1889, Abushiri na wenzake, mpaka Abushiri aliponyongwa Pangani. Aliandika yangali mabichi, kwa hati za Kiarabu, na msomi yeyote wa historia ya pwani lazima apite kwake. Joto halikumzuia. Sasa wewe mleta mada una daftari lenye mistari.

#20 Bagamoyo Kwetu
Poleni na majukumu watu wa Tanga. Nasoma huku nacheka. Nyie mna maneno matamu, hilo hatubishi, ila sanaa ina kwao na kwao ni Bagamoyo. Chuo cha sanaa, TaSUBa, kipo kwetu. Kijana apande basi aje asomee, aache kubahatisha.

#21 Kahawa Chungu
TaSUBa tunaiheshimu. Ngoma, muziki, maigizo, uchongaji, yote sawa. Mtoto wa watu kaomba riwaya, mnataka mumpe marimba.

#22 Bagamoyo Kwetu
Marimba ataipiga na itasikika. Riwaya yake mpaka sasa ina maneno matatu.

#23 Malenga Mdeni
Ngojeni nimsaidie kijana kwa njia ya wazee. Nimemtungia ubeti mmoja, auweke mwanzoni mwa kitabu:

Nataka kuwa mwandishi, kalamu nimenunua,
Jirani hawanibishi, wote wameshanijua,
Mke hataki ubishi, taa keshaichukua,
Waungwana nambieni, wapi nimekosea njia.

#24 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Mashaallah, mishororo mitatu safi, silabi nane kwa nane, vina vimekaa. Wa nne umechechemea. "Wapi nimekosea njia" hesabu kwa vidole: wa-pi-ni-me-ko-se-a-nji-a. Tisa. Mshororo mzima una mizani kumi na saba, na shairi lako ni la kumi na sita. Weka "wapi nilipokosea" ukalale.

#25 Malenga Mdeni
Mwalimu, ukiimba hiyo "kosea" unaivuta kwa pamoja, inaingia. Ushairi wetu ni wa kuimbwa, si wa vidole.

#26 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Ukivuta kwa pamoja utavunja taya. Shehe Amri Abedi kaandika kitabu kizima cha sheria za kutunga mashairi, kimetoka 1954, watu wa taya za kuvuta tulishawajibu tangu enzi hizo.

#27 Malenga Mdeni
Na kituo, mshororo wa mwisho, kubadili kina cha kati je, hilo mbona hukulisema?

#28 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Hilo linaruhusiwa. Ndiyo maana sikulisema. Mizani haina ruhusa.

#29 Jirani Mwema
Samahani kuingilia mizani. Mimi nimerudi post ya kwanza: mtu wa Makorora, ana meza, ana daftari la jalada gumu, miwani ya macho mazima. Kijana, hiyo meza ina mguu mmoja umefungwa kwa kamba ya katani?

#30 Mtoto wa Makorora
Turudi kwenye mada wakuu.

#31 Mvuvi wa Sahare
Hahaha! Kajibu bila kujibu. Huyu mwandishi kamili, mpeni kazi.

#32 Mhanga wa Uchapaji
Nimekaa kimya nasoma. Mimi ndiye yule mnayemtafuta: nimeandika, nimemaliza, nimechapa kwa pesa yangu. Leo natoa ushuhuda, mleta mada achukue au aache.

Kuandika ni sehemu nyepesi. Ukimaliza unaanza kutembea. Unaomba namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba, hiyo haina shida. Unaenda kwa mpiga chapa, anakuuliza kurasa ngapi. Unasema mia na tano. Anakutazama. Unajifunza siku hiyo kwamba karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita, kwa hiyo kitabu kinakwenda kwa kumi na sita kumi na sita, na wewe umezidisha tisa. Ama ukate, ama ulipie kurasa tupu. Mimi nilikata. Nilikata mke wa pili wa mhusika mkuu, hadithi ikawa nzuri zaidi, na nyumbani pakawa na amani.

Kisha uzinduzi. Usifanye uzinduzi! Mgeni rasmi atachelewa, akifika atasoma hotuba inayosema vijana wasome vitabu, hatanunua, na ataondoka na nakala mbili ulizomzawadia. Ndugu wote watakuja, watakula biriani, watapiga picha wamekishika kitabu, halafu kila mmoja atakunong'oneza "changu usinisahau." Cha bure huyo. Mjomba wangu aliyekula sahani mbili aliniambia elfu kumi kwa kitabu ni ghali.

Nikaenda Kange stendi kuuza mwenyewe. Abiria anakishika, anakipima uzito mkononi, anageuza nyuma na mbele. "Hakina picha?" Hakina. "Cha dini?" Si cha dini. "Kinahusu nini sasa?" Naanza kueleza, basi linaondoka. Mmoja tu alinunua papo hapo, mama mtu mzima, akakitia kwenye kikapu cha machungwa ya Muheza bila kuuliza neno. Sijui kama alikisoma. Ila siku ile nilitembea mpaka nyumbani, sikupanda hata bajaji.

Sasa mnabishana mshahara, kuachwa, baridi. Mwandishi ni mtu sugu. Asiye na haya. Mwenye haya atabaki na shukrani kurasa tatu.

#33 Kahawa Chungu
Nakala zilizobaki ziko wapi mkuu?

#34 Mhanga wa Uchapaji
Uvunguni. Kitanda hakiyumbi tena.

#35 Mzee wa Duga
Umesema kweli tupu. Lakini hapo kwa nini usimpelekee mchapishaji akubebee mzigo? Mbona wapo.

#36 Mhanga wa Uchapaji
Nilipeleka kwa mmoja, sitamtaja. Alinijibu baada ya mtoto wangu kuanza shule, na mtoto wakati napeleka alikuwa hajatembea. Jibu lenyewe lilikuwa "tafadhali tuma tena, hatuuoni."

#37 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Wachapishaji hawafanani, tusiwaweke kapu moja. Ila kijana akipata mkataba ausome wote kabla ya kusherehekea. Mwandishi analipwa mrabaha, yaani fungu dogo la kila nakala inayouzwa, mara nyingi kwenye asilimia kumi hivi. Neno la kuangalia ni "inayouzwa". Iliyoko ghalani haikulipi, na aliyoipiga kopi mtoto wa shule haikulipi.

#38 Mtoto wa Makorora
Na mwalimu, wizi je? Naogopa kuonyesha watu, wasije wakaniibia wazo.

#39 Karani Mstaafu
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda, ondoa shaka. Ukishaandika tu, kazi ni yako, uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Lakini inalinda kilichoandikwa. Wazo lililoko kichwani halina ulinzi, na "Ilikuwa ni asubuhi" sidhani kama kuna mwizi atakayevunja dirisha kwa ajili yake.

#40 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Kama hamu ni pesa, ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mara ya kwanza ilitolewa 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10. Ila wanapokea mswada uliokamilika.

#41 Mtoto wa Makorora
Milioni kumi! Wakuu nimepiga hesabu: pikipiki moja, kupaua nyumba ya mama, inayobaki namlipa mtu deni fulani la fanicha.

#42 Jirani Mwema
Mguu wa kamba ya katani. Nilijua.

#43 Mzee wa Duga
Mwenzetu wa Zanzibar kachukua Nobel mwaka 2021 kwa Kiswahili hiki hiki, kwa nini nyie mnawaza pikipiki?

#44 Karani Mstaafu
Mzee wangu leo umeamka na mimi. Abdulrazak Gurnah anaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake moja imefasiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatoka kwa jina la Peponi mwaka 2022. Kazaliwa Zanzibar kweli, hilo umepata.

#45 Mzee wa Duga
Nusu alama si haba.

#46 Shoga wa Barabara ya 14
Wanaume mmeongea sana, sasa nipisheni. Mshahara sijui nini, ubishi mtupu. Mwandishi ni mmbea mwenye subira. Mmbea wa kawaida akisikia jambo asubuhi, adhuhuri limeshafika Msambweni. Mwandishi akisikia anakaa nalo, analilaza, analivisha nguo nyingine, analitoa baada ya miaka miwili na wenyewe hawajijui. Kijana anakwama kwa sababu kila kitu anakisema kahawani. Yakifika mezani hayapo tena.

Ila lisiishie hapo, maana kuna hatari. Mtaani kwetu yupo aliyeandika hadithi ya mama mkwe mchoyo. Jina alibadili, sikatai. Lakini aliacha kidoti juu ya mdomo, aliacha baiskeli ya bluu isiyo na kengele, aliacha nyumba ya pili kutoka msikitini, aliacha na ule msemo wake wa "mimi sisemi, ila nasema." Mtaa mzima ulisoma, waliokuwa hawajui kusoma wakasomewa. Mama mkwe akaja mwenyewe kuomba nakala. Akasoma yote, akafunga, akasema, "Mimi sisemi."

Tangu hapo mwenzetu anakula hotelini.

#47 Mvuvi wa Sahare
Hicho kitabu kinauzwa wapi jamani?

#48 Dada Stesheneri
Nilikichapa mimi. Nilimwambia atoe hata baiskeli. Akasema baiskeli ndiyo inaleta uhalisia.

#49 Baharia Mpweke
Shoga, umbea bila maumivu hauwi kitabu, unakuwa kesi.

#50 Shoga wa Barabara ya 14
Na maumivu bila umbea unayachoma ukioa tena.

#51 Kahawa Chungu
Baharia kazama. Tuombe dua.

#52 Karani Mstaafu
Hesabu ya kiofisi kidogo. Maneno 300 kwa siku ni ukurasa mmoja tu wa daftari lenye mistari mipana. Siku 180 unapata 54,000, hiyo ni riwaya, na siku za kuumwa zilizobaki kwenye mwaka ni zako. Huhitaji Lushoto wala Bagamoyo. Unahitaji saa moja baada ya Isha na mlango wenye komeo.

#53 Mtoto wa Makorora
Mzee, nimehesabu shukrani zangu, zina maneno 700. Kwa hiyo nipo mbele siku mbili?

#54 Karani Mstaafu
Astaghfirullah.

#55 Mgosi wa Soni
Hesabu nzuri lakini saa moja baada ya Isha hapo mjini mbu hawajampa ruhusa. Narudia: baridi.

#56 Bi Mkubwa wa Chumbageni
Karani, kuna kitu nakupinga. Ukarani ulimpa Shaaban Robert muda, sawa. Lakini makarani wa forodha walikuwa wengi, wenzake wako wapi? Yule alikuwa anatuma mashairi magazetini, anaandikiana barua na ndugu yake, na kwenye Maisha Yangu kawawekea wanawe tenzi, wa binti na wa kijana. Mtu anayewausia watoto wake kwa tenzi, huyo hata ungemweka kuuza samaki angeandika. Mimi nasema ni kusoma na mazoea. Hicho kiti chako waliokikalia ni wengi.

#57 Karani Mstaafu
Kiti bila mtu hakiandiki, nakubali nusu. Mtu bila kiti naye anaandika akiwa wapi? Nijibu hilo mwalimu.

#58 Jirani Mwema
Kwenye meza ya jirani.

#59 Malenga Mdeni
Huo mshororo una mizani nane tu na bado umetushinda wote.

#60 Mhanga wa Uchapaji
Wakuu, kabla hatujatawanyika, kuna anayehitaji kitabu cha riwaya, jalada la rangi, nakala hazijaguswa na mchwa? Kwa wana uzi ninapunguza.

#61 Mvuvi wa Sahare
Niletee kimoja Deep Sea jioni, nalipa kwa changu fungu moja. Pesa sina, samaki wapo.

#62 Mhanga wa Uchapaji
Nakuja. Sahani nakuja nayo?

#63 Mvuvi wa Sahare
Njoo na ndoo, huo ndio mrabaha wako. Na wewe Dada Stesheneri, nje ya mada kidogo: barua ya posa unachapa? Nataka ya ukurasa mmoja, isiwe na manyunyu.

#64 Dada Stesheneri
Nachapa. Njoo na jina kamili la baba wa binti, herufi moja isikosewe, maana wa juzi barua yake ilirudishwa mlangoni kwa sababu ya "Saidi" na "Said". Na kama una mwandiko mbaya usimtume mtoto na karatasi, njoo mwenyewe unisomee. Nafunga saa kumi na mbili.